Watu Ishirini wa Kilwa: Kwa Ndugu Zangu Mnaotafuta Mada ya Utafiti

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, wahariri wa jarida letu wameniomba niyaandike niliyoyasema katika darsa yetu ya Kigobe, mbele ya wanafunzi wa masta na wachache wa udaktari. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimepunguza marudio tu, kwa sababu mdomo una ruhusa ya kurudia ambayo kalamu haina.

Maneno yale yalitokana na swali la kijana mmoja anayesomea historia. Anataka kuandika tasnifu yake, ile tunayozoea hapa kuiita memwari, juu ya mji wa Kilwa katika karne ya 14. Alikuwa na mizigo miwili. Wa kwanza ni wa nyumbani. Shangazi zake wanamuuliza watu waliokufa miaka mia saba iliyopita watamlipa nini, na wenzake wanasomea benki na sheria. Wa pili aliusema kwa sauti ya chini. Katika kusoma kwake amekutana na ukurasa ambao angependa asingeuona, na alitaka kujua kama ni halali kwa Mwislamu kuuandika.

Mzigo wa kwanza nitautua upesi. Katika Sura ya Ar-Rum, na si humo peke yake, Mwenyezi Mungu anawaita watu watembee katika ardhi watazame mwisho wa waliowatangulia. Si lazima kila mmoja wetu awe mwanahistoria. Nionavyo, jambo hili liko kama kuosha na kuzika maiti: wakilifanya baadhi, waliobaki wamepumzika, asipolifanya yeyote, deni ni letu sote. Wizara ina kazi kwa wahasibu, sawa, na shangazi wana haki ya kuuliza kodi ya nyumba italipwa na nani. Lakini umma mzima ukitoa wahasibu watupu, siku watoto wake watakapouliza walikotoka watajibiwa na mtu mwingine.

Na kwa pwani yetu, mtu mwingine ndiye aliyejibu kwa muda mrefu. Aliyechimba Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960 ni Neville Chittick, Mwingereza. Aliyechimba Shanga, katika visiwa vya Lamu, akakuta msikiti juu ya msikiti mpaka akafika kwenye alama za vijisikiti vya miti vya karne ya 8, ni Mark Horton, naye Mwingereza. Silalamiki. Walifanya kazi, wakachapisha, na anayetaka kuwakosoa achimbe kwanza. Wa kwetu pia wamo: Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chapurukha Kusimba aliyetoka Kenya, Abdul Sheriff wa Zanzibar. Ninachouliza ni wa Bujumbura wako wapi. Mtoto wa Buyenzi au wa Rumonge anazungumza Kiswahili nyumbani, anasoma Kifaransa shuleni, na amepita madrasa akajua herufi za Kiarabu kabla ya kujua za Kilatini. Wanafunzi wengi wa Ulaya hutumia miaka kupata hata nusu ya hayo. Safari ya Ibn Battuta, kitabu ambacho hakuna anayeweza kukikwepa akitaka kuandika juu ya Kilwa, ilichapishwa Paris kati ya 1853 na 1858 na Defrémery na Sanguinetti katika mijalada minne, Kiarabu na Kifaransa katika ukurasa mmoja. Ni kama waliotengeneza mijalada ile walimkusudia mwanafunzi wa Burundi.

Kabla sijaendelea, neno juu ya jina lenyewe. Tunasema "zama za kati" kwa sababu vitabu vyetu vya shule vinasema hivyo. Jina hilo walilitunga watu wa Ulaya kwa ajili ya karne zilizo katikati ya Roma yao ya kale na mwamko wao. Kwetu sisi karne hizo hazikuwa katikati ya kitu. Maandishi ya Kikufi katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, na aliyeyachonga hakujua kwamba anaishi katika zama za kati. Litumie jina kwa kuwa msimamizi wako atalitaka, ila ujue umeliazima kwa nani.

Sasa tuje kwenye mzigo wa pili, ambao ndio ulionifanya nikubali kuandika.

Nimeona wanafunzi wetu wanaovutwa na zama hizo wanavutwa na nini hasa. Wengi huja na Baghdad, Cordoba, Kairo. Wamesikia mihadhara ile inayoorodhesha vitu walivyovumbua Waislamu, kimoja baada ya kingine, mpaka msikilizaji anatoka akidhani imebaki simu tu. Niseme wazi kwamba mihadhara hiyo imenichosha. Baadhi ya yaliyomo ni kweli, baadhi yametiwa chumvi, na mhadhiri mwenyewe mara nyingi hawezi kukwambia yapi ni yapi. Katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, waumini wanaamrishwa wachunguze habari inapoletwa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa ujinga kisha wakajuta. Wengi wetu tunaishika amri hiyo habari ikitukera. Ikitusifu, tunaipokea kwa takbira.

Ukurasa alioukuta kijana wetu ni huu. Ibn Battuta, mtu wa Tangier, aliteremka pwani yetu mwaka 1331. Alipita Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, akafika Kilwa. Sultani wa Kilwa wakati huo alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, na watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Alikuwa akikaa na mafakiri, akila nao, akiwaheshimu masharifu na watu wa dini. Ijumaa moja, na Ibn Battuta anasema alikuwepo, sultani alitoka msikitini akielekea nyumbani. Fakiri mmoja kutoka Yemen akamkabili njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akakubali. Fakiri akasema anazitaka saa ile ile. Sultani akarudi, akaingia katika nyumba ya khatibu, akavua, akavaa nyingine, akamwita yule fakiri azichukue. Fakiri akazifunga katika kitambaa, akajitwika kichwani, akaenda zake. Watu wakamsifu sana sultani kwa unyenyekevu ule.

Mpaka hapo, ndugu zangu, hii ni hotuba iliyokwisha kuandikwa. Khatibu yeyote angeipenda. Lakini habari inaendelea. Mwana wa sultani, mrithi wake, alizichukua zile nguo kutoka kwa fakiri na badala yake akampa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomshukuru, akaamuru fakiri aongezwe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Watu ishirini. Na kurasa zile zile zinasema kwamba sultani huyu alikuwa akienda mara kwa mara kuishambulia nchi ya Wazanji, akiteka ngawira, akitenga humusi na kuitoa kwa wanaostahiki kama ilivyotajwa katika Qur'ani. Ibn Battuta hasemi wale ishirini walitoka wapi, ila msomaji anayeunganisha sehemu hizo mbili hahitaji kwenda mbali.

Kijana wetu alisema: "Mwalimu, nikiandika hadi pale kwenye nguo, nina sura nzuri ya ukarimu wa mtawala wa Kiislamu. Nikiendelea mistari michache, wasahihishaji watachukua watumwa na kuacha ukarimu. Na ndugu zetu watasema nimempa adui kisu." Akauliza kama anaweza kuishia kwenye nguo.

Nilimjibu kwamba hawezi, na sababu yangu haikutoka chuo kikuu. Imo katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, tunapoamrishwa tusimame na uadilifu, tuwe mashahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu hata kama ushahidi huo ni dhidi ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Sultani wa Kilwa si baba yako wala babu yako. Ikiwa tumeamrishwa kutowaficha wazazi, tutamfichaje mfalme aliyekufa karne saba nyuma ambaye hata hatukuonja chumvi yake?

Wazee wetu wa hadithi waliijua aya hii kwa matendo. Ali bin al-Madini, aliyefariki mwaka 234 wa Hijra na ambaye Bukhari alisoma kwake, aliulizwa juu ya baba yake mwenyewe kama mpokezi wa hadithi. Akawaambia wamuulize mtu mwingine. Wakamshikilia. Inasimuliwa kwamba aliinamisha kichwa, kisha akakiinua akasema kwamba hili ni jambo la dini, na kwamba baba yake ni dhaifu katika upokezi. Fikirini mtu yule anaporudi nyumbani siku ile, anamsalimia mama yake. Elimu ya wapokezi tunayojivunia mbele ya wenzetu ilijengwa na watu waliokubali kulipa bei hiyo. Halafu sisi tunataka sifa zake bila bei.

Najua hapa kwetu jambo hili lina uchungu wake. Mwislamu wa Burundi amekua akisikia neno "Mswahili" likitumika kumtaja mjanja na mwongo, na darasani somo la biashara ya watumwa linapofika, macho hugeuka kumtazama yeye. Habari za Muhammad bin Khalfan, yule Rumaliza wa Ujiji, na jinsi watu wa Mwami Mwezi Gisabo walivyomzuia asiingie nchini, kila mwanafunzi amezisikia. Hiyo ni karne ya 19, si zama za kijana wetu, lakini ndiyo iliyomtia hofu ya karne ya 14. Alidhani akiwaficha wale ishirini atakuwa amewalinda Waislamu wa Buyenzi.

Nikamuuliza: Waislamu wa Buyenzi ni nani? Wengi wa waliouleta Uislamu katika mji huu walitoka Ujiji na Manyema. Na Wamanyema waliohamia Ujiji, wengi wao walikuwa ni watu waliotekwa, au watoto wa waliotekwa, au wafuasi waliofuata misafara ya wafanyabiashara kwa kukosa pengine pa kwenda. Walisilimu, wakajenga misikiti, wakafundisha watoto juzuu amma. Tunapochagua kusimama upande wa sultani kwa kumfichia, tunawaacha nje babu zetu wenyewe, ambao katika kisa kile wangekuwa miongoni mwa wale ishirini, si miongoni mwa waliokuwa wakishangilia mlangoni pa msikiti.

Kuna upande mwingine, na nisipousema nitakuwa nimepima kwa mizani ya upande mmoja. Wapo watakaoufungua ukurasa huo huo na kusema: huu ndio Uislamu wa pwani, hamna zaidi. Nao wanakata maneno katikati kama yule anayeishia kwenye nguo. Mtafiti Mwislamu ana wajibu wa kuweka mezani na hili, kwamba Sura ya Al-Balad inataja kumwacha huru mtumwa kuwa ndiyo njia ya mlima iliyo ngumu kupandwa. Kwamba aya ya 60 ya At-Tawba inatenga sehemu ya zaka kwa ajili ya kuwakomboa walio utumwani. Kwamba mwaka 1615 Ahmad Baba wa Timbuktu aliandika risala akikataa kabisa kwamba weusi wa ngozi ni sababu ya kumfanya mtu mtumwa. Akiviweka hivyo, swali la tasnifu linakuwa zito kuliko sifa na kuliko tusi: mtawala aliyejua humusi inakwenda wapi, aliyekula na mafakiri, alizisomaje aya za kuacha huru? Mafakihi wa Kilwa walimwambia nini, kama walimwambia? Hilo ndilo linalostahili miaka miwili ya ujana wa mtu.

Na shahidi mwenyewe achunguzwe. Ibn Battuta hakuandika akiwa Kilwa. Aliyasimulia Fez kwa amri ya sultani wa Kimarini, yakaandikwa na Ibn Juzayy, kitabu kikakamilika mwishoni mwa 1355, yaani takriban miaka 24 baada ya safari. Anasema Kilwa imejengwa kwa miti, nasi tunajua ulikuwepo msikiti mkubwa wa mawe. Je, alisahau? Alisema juu ya nyumba za watu wengi na akaacha majumba machache? Mwandishi alichanganya? Hapo ndipo kazi ilipo, wala haimalizwi kwa kusema "Ibn Battuta ni wetu, kwa hiyo ni kweli", wala kwa kusema "ni msafiri tu, hadithi za wasafiri".

Ibn Khaldun anasimulia kwamba watu wa Fez walimwona Ibn Battuta mwongo, na yeye mwenyewe alielekea kukubaliana nao, mpaka alipozungumza na Waziri Faris bin Wadrar. Waziri akamwambia asikanushe habari za nchi kwa sababu tu hajaziona, asije akawa kama mtoto wa waziri aliyekulia gerezani pamoja na baba yake. Mtoto yule aliuliza nyama wanayokula ni ya nini. Akaambiwa ni kondoo, akaelezwa alivyo. Akauliza: kwa hiyo anafanana na panya? Kwa maana mle gerezani mnyama aliyemjua ni panya peke yake. Lakini Ibn Khaldun huyo huyo, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, anawakemea wanahistoria wanaonakili majeshi ya laki kadhaa bila kujiuliza ardhi ile ingewatosha kusimama. Mambo mawili hayo yakae pamoja kichwani mwa mwanafunzi: asikatae kwa uchache wa aliyoyaona, na asikubali kwa wingi wa anayoyapenda.

Jambo moja zaidi ambalo dada mmoja alilileta, nami nililifurahia. Aliuliza kuhusu tarikh ya Kilwa, inayosimulia kwamba mji ulianzishwa na mtu wa Shirazi na wanawe. Mwaka 2023 lilitoka katika jarida la Nature chapisho la wataalamu waliochunguza vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na mji mmoja wa bara. Kusimba ni mmoja wao. Walikuta kwa wengi asili ya Kiafrika iliyopitia hasa kwa akina mama, na asili ya Kiasia, kubwa yake ya Kiajemi, iliyopitia hasa kwa akina baba, zikianza kuchanganyika kama mwaka 1000. Kwa hiyo tarikh haikuzua yote. Ila ilimwandika baba na kumwacha mama, na mifupa ikamtaja mama. Dada yule anasomea biolojia. Nilimwambia kwamba na yeye ni mwanafunzi wa zama za kati, akitaka.

Kwa aliyekwisha kata shauri, nina wasia wa safari. Jabir bin Abdullah (r.a.) alisafiri mwendo wa mwezi mmoja hadi Sham kwa ajili ya hadithi moja iliyokuwa kwa Abdullah bin Unais. Sisi tuna mtu anayeandika juu ya Kilwa na hajawahi kuvuka Kigoma. Teremka Kigoma, panda treni ya kati, pita Tabora hadi Dar es Salaam, kisha basi la kusini hadi Kilwa Masoko. Si safari ya raha, na chuo hakitakulipia. Changishaneni, kama tunavyochangishana kwa harusi. Kutoka Masoko utavuka kwa mashua.

Ukifika Kisiwani, ingia Msikiti Mkuu. Sehemu ya kaskazini ndiyo ndogo na ya zamani zaidi. Ukisonga kusini utaingia katika ukumbi mpana wa nguzo na kuba, ambao wachimbaji wanauhesabu kuwa upanuzi wa mwanzo wa karne ya 14, wakati wa al-Hasan bin Sulaiman, Abu al-Mawahib. Kaa hapo kwa muda, toa daftari. Kutoka katika msikiti huu alitokea Ijumaa ile. Kwanza andika vipimo vya nguzo. Kisha andika, katika ukurasa ule ule, watumwa kumi, na kumi tena.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.